Nilipoulizwa Ndugu wa Tumbo Moja

Nianze na choo, maana ndiko ugonjwa wangu ulikoanzia. Kama unaona aibu kusoma habari za choo, vumilia, kwa sababu aibu hiyohiyo ilinichelewesha miaka mitatu. Nasema kwa ukali, najua. Ndivyo nilivyo. Nilikuwa mpiga chapa wa serikali hapa Dodoma, na hata wakubwa zangu wakiniletea barua yenye mwandiko wa ovyo walikuwa wananiomba radhi kabla sijafungua mdomo.

Karatasi hizi nimezipiga chapa mwenyewe, kwa ajili yako wewe uliyekaa kwenye benchi ukisubiri kuitwa jina. Umeambiwa ugonjwa wako ni wa kurithi, na sasa wanataka majina ya ndugu zako. Huu wetu unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Anayejua mapema anakatwa mapema na anaishi. Asiyejua anazikwa. Kwetu alikuwepo mtu mmoja ambaye hakuambiwa, na aliyemwacha bila kumwambia ni mimi. Ndiyo maana naandika. Mengine yote ni ya njiani.

Damu ilianza kiangazi kimoja cha miaka ile ambayo vitu vilirudi madukani kwa fujo, baada ya miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni. Kule Nkuhungu, nilikokuwa nakaa na mume wangu Daudi, yalifunguliwa maduka matatu ya dawa baridi kwa mkupuo. Muuzaji wa duka la kwanza hakuniangalia mara mbili. "Amiba hiyo, dada. Maji ya hapa mabaya." Nikameza vidonge. Damu ikapungua, ikarudi. Duka la pili nalo amiba. La tatu wakasema bawasiri, wakanipa dawa ya kupaka. Nikawa mtu wa kuchagua: mwezi huu amiba, mwezi ujao bawasiri. Daudi akanitania kwamba njia ya chooni naijua kuliko ya kanisani. Wakati huo tulicheka.

Halafu nikaanza kukonda. Miaka ile, jamani, mtu ukikonda hukuulizwa unaumwa nini. Watu walikuwa na jibu lao tayari. Ofisini kikombe changu cha chai kikatengwa. Nilikikuta tu peke yake dirishani. Miezi miwili baadaye ikatoka orodha ya wafanyakazi wanaopunguzwa, na jina langu lilikuwemo. Nikarudi nyumbani na mashine ya kuchapia waliyoniachia kwa kuwa ilikuwa mbovu.

Mama alikuja kutoka Mvumi akanikuta nimelala barazani mchana kweupe. Hakusema pole. Alisema, "Simama, twende."

Alinipeleka hospitali ya misheni, ambayo siitaji jina maana sina ugomvi nayo. Ukitaka kujua ugonjwa ni nini, kaa kwenye benchi la pale. Ni refu, limeng'aa kwa makalio ya watu, na kila mtu ameshika kipande cha kadibodi chenye namba. Hakuna anayemuuliza mwenzake anaumwa nini. Unaangalia tu mkono wake ameuweka wapi. Kuna wa kifua, kuna wa kiuno, kuna wa shavu. Sisi wa tumbo tulikuwa tunajuana, tukaachiana nafasi karibu na mlango wa choo bila kuombana. Hisani kama hiyo usiidharau, utaihitaji.

Siku ya tatu daktari mgeni aliniingiza mpira wenye taa, huko huko unakofikiria. Anayetafsiri alikuwa muuguzi Dorika, mama wa makamo, mwenyeji wetu, na nilimwona uso wake ukibadilika kabla hajasema kitu. Ndani ya utumbo wangu mpana mlikuwa mmeota vinyama, vidogo vidogo, vimejaa ukuta mzima, havihesabiki. Vingine vilikuwa vimeshaanza kugeuka saratani. Wangeukata utumbo wote mpana.

"Wote?" nikauliza.

"Wote, Tabitha."

Mama akauliza kwa Kigogo kama mtu anaweza kuishi bila utumbo. Dorika akamwambia anaweza, ila ataishi tofauti.

Nilikatwa mvua za kwanza zilipokuwa zinapiga bati la wodi. Nilipozinduka nilikuwa na tundu ubavuni, na kwenye tundu hilo utumbo umechungulia, mwekundu, unatikisika wenyewe. Humo ndimo uchafu ulimotoka, wakati wowote unaotaka wenyewe, kwenye mfuko uliobandikwa ngozini. Mifuko ya hospitali ilikuwa ya kugawana. Ikiisha, nilifunga mfuko wa nailoni kwa mpira wa baiskeli, na ngozi ikachubuka mpaka nikawa napiga kelele nikioga. Mimi niliyekuwa siingii ofisini bila manukato, nikawa nanuka na najua nanuka. Daudi alilala sebuleni wiki tatu. Alisema anaogopa kunigonga kidonda. Muongo. Alikuwa anaogopa mfuko, nami nilimchukia kwa hilo, nikamwambia hivyo mbele ya mama yake.

Lakini nitasema na hili. Jumapili moja mfuko ulipasuka kanisani, katikati ya mahubiri. Harufu ikapanda, watu wakaanza kugeuka. Nilitamani ardhi inimeze. Daudi akavua koti lake, koti lake moja tu la maana, akanifunga nalo kiunoni, akanishika mkono, akanitoa kwa njia ya katikati, polepole, kichwa juu, kama siku tuliyofunga ndoa. Nyumbani akachemsha maji akaniosha mwenyewe. Siku hiyo akarudi kulala chumbani.

Baada ya mavuno niliitwa tena, safari hii si kwa kisu, kwa maswali. Walikuwa wamekuja wataalamu kutoka nje, wanachukua damu za watu wenye ugonjwa kama wangu na kuzipeleka kwao kuangalia vinasaba. Neno hilo nililisikia mara ya kwanza, nikadhani ni jina la dawa. Dorika alijua kazi niliyokuwa nafanya, akanieleza kwa lugha yangu.

"Unakumbuka stensili, Tabitha? Ukikosea herufi moja kwenye stensili, nakala zote zinatoka na kosa lilelile. Sasa mzazi mwenye ugonjwa huu ana stensili mbili kwenye damu yake. Moja nzima, moja ina kosa. Kila mtoto anatolewa kwenye moja. Ipi, hakuna anayejua mpaka apimwe."

Nilielewa kuliko nilivyotaka kuelewa. Kumbe kosa lilikuwemo tangu sijazaliwa, limekaa kimya, linanisubiri nikue, niolewe, nipate kazi, ndipo lianze.

Mgeni akauliza kwa Kiingereza habari za kaka na dada zangu. Dorika alikuwa ameshachoshwa na swali hilo. Kwetu ndugu ni neno pana, na wiki iliyopita mzee mmoja alimtajia ndugu mpaka karatasi ikajaa, wakiwemo wale aliotahiriwa nao. Kwa hiyo Dorika alikuwa amejitengenezea chujio lake.

"Nitajie ndugu zako wa tumbo moja tu," akaniambia.

Tumbo moja, yaani mama mmoja. Kwa mama nilikuwa na mtu mmoja, dada yangu Yunisi, ambaye mama alimzaa na mwanaume mwingine kabla hajaolewa na baba. Lakini kwa baba nilikuwa na Hamisi. Baba alikuwa dereva wa lori, na safari za Chemba zilimpatia mke wa pili kule. Akasilimu, akamzaa Hamisi, na miaka michache baadaye akafa hukohuko, bado kijana, akiharisha damu. Waliomzika walisema karogwa.

Kiingereza cha ofisini nakijua. Nilisikia mgeni ameuliza nini, nikasikia Dorika ametafsiri nini, na nilijua si kitu kimoja. Nilijua kabisa, wala sijifichi. Lakini mama alikuwa amekaa ubavuni kwangu ameshika mfuko wangu wa nguo, na habari za Chemba hazikuwahi kutajwa mbele yake tangu baba atuache. Alikuwa ameniogesha miezi mingi. Neno la Dorika likanipa mahali pa kujificha.

"Mmoja," nikasema. "Yunisi."

Dorika akaandika. Mama akashusha pumzi. Hakuna aliyemuuliza Yunisi baba yake ni nani.

Majibu yalikuja masika yaliyofuata, utumbo wangu ukiwa umesharudishwa ndani na ninajifunza upya kwenda chooni kama mtoto. Mimi ninalo kosa. Yunisi hana. Mama alipiga vigelegele pale pale kwenye ukumbi wa kusubiri, na nyumbani kwa Yunisi ikachinjwa mbuzi. Nilikula nyama ile pamoja nao.

Mambo ya vinasaba hayakuishia hospitali, yakatufuata nyumbani. Habari zilisambaa kwamba kwetu kuna ugonjwa wa ukoo. Binti wa Yunisi alikuwa anaposwa, na upande wa mwanaume wakasema hawaleti mahari mpaka wauone ule waraka wa hospitali. Yunisi akautoa nakala, akaugonga muhuri kwa mtendaji wa kata, akawa anauonyesha kama cheti cha shule. Mama mkwe wangu naye, aliyenisema miaka kumi na moja kwa kutokuzaa, alikuja kunipa pole, akatikisa kichwa akasema, "Kumbe Mungu alikuwa na maana yake alipokunyima mtoto." Nilimwangalia. Nilikwenda kulia uani nyuma ya matenki ya maji mpaka Daudi akaja kunitafuta.

Na Hamisi? Nilimfikiria kila siku. Nilijiambia Chemba ni mbali. Nilijiambia ana afya, anauza ng'ombe, ana watoto wanne, kwa nini nimtie hofu. Nilijiambia nitakwenda baada ya masika, halafu baada ya mavuno, halafu nikishapata nguvu. Nguvu nilizipata, sikwenda. Ikapita miaka miwili.

Akaja mwenyewe. Ilikuwa kiangazi, mchana, anatoka mnadani. Nilimwona anafungua geti, nikajua kabla hajakaa. Mkanda wake wa suruali alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na baada ya hilo tundu jingine.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Hamisi. Mbona umepungua hivyo?"

"Tumbo tu." Akajilazimisha kucheka. "Dada, huna vidonge vya amiba humu ndani? Vya kule Chemba havinisaidii."

Birika la chai nililokuwa nimeshika nililiweka chini. Nikamweleza yote, mfuko, damu, wageni, waraka wa Yunisi. Alinisikiliza ametulia, ameinamisha kichwa kama anasikiliza bei ya ng'ombe.

"Umejua toka lini?"

"Toka mwaka juzi."

"Na hukuja."

"Hamisi, waliuliza ndugu wa tumbo moja."

Nilijisikia nikisema hivyo, na nilitamani kuyameza maneno hayo. Alininyanyulia macho. Hayakuwa na hasira, afadhali yangekuwa nayo.

"Mimi nyumbani niliambiwa Tabitha ni dada yangu," akasema. "Hakuna aliyeniambia ni nusu."

Akachukua kofia yake akaondoka, chai hajaigusa. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwita. Hakugeuka.

Nilikwenda Chemba mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa machungani, au waliniambia hivyo. Mara ya pili alinisalimia vizuri, akanipa maziwa, akaniambia haendi kupimwa na watu wasiomtambua. Mara ya tatu nilipiga magoti mbele yake na mkewe Zainabu, kwenye vumbi, watoto wanaona. Nikamwambia, "Nitukane, nipige, lakini panda gari." Zainabu ndiye aliyeingia ndani akafunga nguo zake kwenye shuka. Alikuwa amechoka kufua damu.

Hamisi alifunguliwa akafungwa. Unaelewa nikisema hivyo? Wewe wa kwenye benchi unaelewa. Daktari alifungua tumbo, akaona, akashona. Ini lilikuwa limeshaingiliwa. Nilimuuguza kwa zamu na Zainabu wiki sita, nikimbadilishia shuka mtu mzima aliyekuwa akiinua ndama peke yake. Hatukuzungumza tena habari ile, ila siku moja alinishika kifundo cha mkono, mkono wake mwepesi kama wa mtoto, akasema, "Watoto." Nikamwambia nitawapeleka. Akasema, "Wote wanne." Alifariki siku ya pili baada ya Idi, tukamzika Chemba karibu na baba.

Mama yangu alikuja mazishini. Nilikuwa nimeshamwambia kila kitu. Alisimama mbali na makaburi yale mawili, kisha akaniambia, "Ungemtaja tu, mwanangu. Ningekasirika siku mbili." Siku mbili! Nimebeba maneno hayo mpaka leo na yananila.

Basi sikiliza, wewe unayesubiri. Wakikuuliza ndugu, usijibu lile neno waliloliuliza, jibu mambo yalivyo. Taja wa mama na wa baba. Taja yule wa nje ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemsema. Kama mama yako amekaa ubavuni, mwombe akakuletee maji, kisha useme. Ugonjwa huu haujali nani alifunga ndoa na nani.

Kupimwa kwa watoto nako hakukuwa rahisi. Wageni walikuwa karibu kufunga kazi yao, na Dorika, nilipomweleza yaliyotokea, alikaa kwenye kiti akajifunika uso kwa mikono miwili. Hakunilaumu, nikatamani anilaumu. Ndiye aliyekimbia huku na huku mpaka damu za watoto wale zikaingizwa kwenye sanduku la mwisho.

Majibu yalitoka mvua zinaanza. Tuliwaleta watoto wote, tukafikia kwenye banda la nyuma ya wodi ambako ndugu wa wagonjwa wanapikia. Zainabu alikataa kuingia ofisini.

"Nenda wewe, wifi," akasema, anasonga ugali. "Mimi wakiniambia nitaanguka."

Nikaingia. Dorika alikuwa ameweka karatasi nne mezani, kifudifudi. Akazigeuza moja baada ya nyingine, akanisomea taratibu, akarudia mara ya pili bila kuombwa. Nikauliza itakuwaje. Akasema wataangaliwa kwa mpira kila mwaka, na vinyama vikianza watakatwa kama nilivyokatwa mimi, kabla saratani haijaingia. Wataishi, akasema. Alinishika mabega aliposema hivyo. Nami nikalifikiria tundu la ubavuni, na mfuko wa nailoni, na ngozi ya mtoto wa kike wa miaka kumi na minne.

Nilipotoka walikuwa wanakula ugali na mlenda, wamezunguka sinia. Mwanaidi, yule mkubwa, alikuwa anamlisha Ally, wa mwisho. Zainabu akanijia haraka, akanivuta pembeni.

"Niambie mmoja tu. Ni huyu mdogo?"

"Hapana. Ally hana."

"Alhamdulillahi." Akafumba macho. Alipoyafumbua aliuangalia uso wangu, kisha akawaangalia wale wengine watatu, mmoja mmoja, na nikaona anaelewa. Akaniwekea kiganja mdomoni, kinanuka moshi.

"Subiri, wifi. Waache kwanza wamalize kula."

Tukasubiri. Wakala bila haraka, wakagombania ukoko, wakanawa. Mwanaidi akaja akasimama mbele yangu, mikono ikimdondoka maji.

"Shangazi," akasema, "na mimi nimo?"

Nikamwambia, "Umo."